Kalunguyeye na Dubu Mwenye Deraya

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na daraja!

Juu ya daraja?

Chuma!

Ndani ya chuma?

Tumbo!

Haya, kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Hapo kale, katika nchi ya Waingereza, enzi za ngome za mawe na mashujaa wapanda farasi, kila shujaa alivaa deraya, yaani vazi la chuma tangu utosini hadi kisiginoni. Na kila shujaa alikula kiapo: kumlinda mnyonge, kumheshimu mwanamke, kutosema uongo. Shujaa akitenda jambo kubwa, manju walimtungia wimbo, wakaupeleka ngome hadi ngome, soko hadi soko, mpaka hata wasiomjua wakamjua. Wanadamu walikuwa na mashujaa wao. Wanyama nao walikuwa na wao. Na katika msitu mmoja, shujaa alikuwa Dubu.

Dubu alikula kiapo. Kisha akala na vingine vyote.

Maana palikuwa na mto, na juu ya mto daraja moja tu la mawe. Ng'ambo ya pili kulikuwa na miti ya matunda. Ng'ambo hii kulikuwa na mashimo na viota vya wanyama, na watoto ndani yake. Majira ya baridi yalikuwa njiani, kila mnyama anakusanya akiba. Dubu akaenda akasimama katikati ya daraja, kwangwa, kwangwa, kwangwa, mkuki mkononi, kofia ya chuma kichwani, viatu vya chuma miguuni. Akanguruma: "Anayepita hapa apigane nami. Asiyetaka kupigana atue alichobeba."

Akaja Kindi akitoka ng'ambo na njugu zake.

"Unapigana?"

"Sipigani, Bwana."

"Basi tua."

Kindi akatua. Dubu akala, kacha, kacha, kacha.

Akaja Fuko na mizizi yake.

"Unapigana?"

"Sipigani, Bwana."

"Basi tua."

Fuko akatua. Dubu akala, kacha, kacha, kacha.

Akaja Kalunguyeye. Mnamjua Kalunguyeye? Mdogo kama ngumi mbili, mgongo wote miiba. Yeye hana kikapu wala hahitaji. Hujiviringisha chini ya mti, matufaha yakachomwa na miiba, kisha huondoka nayo mgongoni kama mama aliyebeba watoto wengi. Alikuwa mjane. Baridi ya mwaka uliopita ilimchukua kitinda mimba wake, kwa kuwa akiba iliisha kabla theluji haijaisha. Alimzika kwa makucha yake mwenyewe. Siku ile alisema neno moja: "Njaa hii haitarudi." Tangu hapo hakulisema tena, ila hakulisahau.

"Unapigana?" Dubu akauliza.

"Napigana."

Dubu akacheka mpaka deraya ikalia, kwangwa kwangwa kwangwa. "Kwa silaha gani, we punje?"

"Kwa niliyozaliwa nayo."

Kalunguyeye akajikunja, akasimamisha miiba, akangoja. Dubu hakuona haja hata ya kutumia mkuki. Aliinua kiatu chake cha chuma, akapiga teke. Kwangwa! Miiba ikapinda, mingine ikavunjika. Kalunguyeye akaruka hewani, akatua mtoni, chubwi! Matufaha yalibaki darajani. Dubu akayala, kacha, kacha, kacha.

Kalunguyeye aliogelea akatokea kwenye matete, maji yanamchuruzika, ubavu unamuuma. Kindi akamkimbilia.

"Shoga, achana naye. Sote tutakula majani makavu."

"Watoto wangu hawali majani makavu."

"Utakufa, shoga."

"Nikifa, nitakuwa nimeshavuka."

Akakaa juani kujikausha. Akalamba kidonda. Akafikiri. Mwiba hauingii kwenye chuma, alijua hilo sasa kwa ubavu wake mwenyewe. Basi chuma kitoke. Nani atakayekitoa? Hakuna mnyama wa kumvua Dubu deraya kwa nguvu. Akafikiri tena, mpaka akaona kuna mmoja tu anayeweza kumvua Dubu. Dubu mwenyewe.

Kesho yake akarudi, mikono mitupu. Akajibanza kwenye tundu la mawe mwanzoni mwa daraja, pale ambapo mguu wa Dubu haufiki, akaanza kuimba:

*Alitoka shujaa, mkuki begani,*
*Lia, chuma, lia!*
*Joka likimwona hurudi pangoni,*
*Lia, chuma, lia!*

Dubu akageuza kofia yake. "Ni nani huyo unayemwimba?"

"Jina silijui, Bwana. Nasikia hukaa darajani."

"Ni mimi!"

"Kumbe!"

"Ni mimi kabisa! Endelea."

Kalunguyeye akaendelea. Akaimba jinsi shujaa alivyokata joka kichwa. Akaimba jinsi wafalme walivyomkaribisha mezani. Wanyama wakaanza kusogea, mmoja mmoja, Fuko, Kindi, kware, sungura, wakakaa ukingoni na kuitikia: *Lia, chuma, lia!* Dubu alisimama wima, kifua mbele, akitikisa kichwa kufuata wimbo. Tangu asimame pale hakuna aliyewahi kumwimba. Walimwogopa tu, na kuogopwa hakushibishi.

Kisha Kalunguyeye akashusha sauti, akaimba polepole:

*Binti wa mfalme yuko dirishani,*
*Lia, chuma, lia!*
*Anipendaye aje, chuma akiache chini,*
*Lia, chuma, lia!*

Akanyamaza.

"Halafu?" Dubu akauliza.

"Halafu sijui, Bwana."

"Hujui vipi, na wimbo ni wako?"

"Manju haimbi lisilotendeka. Ninyi mashujaa mna kiapo chenu, sisi nasi tuna chetu. Shujaa ameambiwa avue deraya. Alivua, hakuvua, mimi sijaona."

"Imba kwamba nilivua."

"Umevua?"

"Imba tu!"

"Nikifika ngomeni wataniuliza mashahidi, Bwana. Nitamtaja nani?" Akawageukia wanyama. "Jamani, mmeona?"

"Hatujaona," akasema Kindi.

"Hatujaona," wakasema wote.

Kalunguyeye akapumua. "Basi nitauimba ulivyo. Nitasema shujaa aliambiwa avue, akaogopa."

"Nani aogope?" Dubu alinguruma mpaka maji ya mto yakatetemeka. "Nimwogope nani? Kindi? Fuko?" Akawatazama wote, akawapima kwa macho, akaona kweli hakuna wa kumfanya lolote. Akaanza kuvua.

Akavua kofia. Kwangwa! *Lia, chuma, lia!*

Akavua glavu za chuma. Kwangwa! *Lia, chuma, lia!*

Akavua bamba la kifuani. Kwangwa! Hapo tumbo likatoka, pwaa, kama unga wa mkate uliofura ukamwagika nje ya bakuli. Maana deraya ilifuliwa kwa ajili ya Dubu wa zamani, na njugu na mizizi ya watu vilikuwa ndani ya Dubu wa sasa.

Akavua vya mapajani. Akavua vya magotini. *Lia, chuma, lia!*

Akafika kwenye viatu. Akasimama.

"Viatu vinabaki," akasema. "Mawe haya yana baridi."

Kalunguyeye akapima maneno. Akimbembeleza, Dubu atashtuka. Asipombembeleza, kazi yote imekwenda na maji. Akaukumbuka ubavu wake. Akakumbuka kaburi dogo. Akasema kwa upole kabisa:

"Hakuna neno, Bwana. Viatu bakia navyo. Nitaimba tu hivi: shujaa akavua vyote isipokuwa viatu, maana miguu yake ilinuka."

Kware mmoja akacheka chini chini. Kisha Fuko akashika tumbo. Kisha ukingo mzima ukaangua kicheko.

"Hainuki!" Dubu akapiga kelele. "Hainuki hata kidogo! Tazameni!" Akang'oa kiatu cha kulia, akakirusha mtoni, chubwi! Akang'oa cha kushoto, akakirusha mtoni, chubwi!

Hapo ndipo Kalunguyeye alipotoka kwenye tundu lake. Akapanda darajani, peke yake, akaenda hadi mbele ya Dubu.

"Bwana Dubu, ulisema anayepita hapa apigane nawe. Mimi napita."

Dubu akamtazama chini, macho mekundu. Sasa akaelewa kwamba amevuliwa nguo mbele ya watu na kinyama cha ukubwa wa ngumi mbili. Hakumpiga teke safari hii. Teke lilikuwa dogo kwa hasira yake. Aliinua mguu mzima, juu, juu zaidi, ili amkanyage asagike.

Kalunguyeye aliuona wayo ukija, mpana kama mlango, laini kama andazi. Aliogopa, nani asingeogopa? Lakini hakukimbia. Alifumba macho, akajikunja, akasimamisha kila mwiba uliobaki.

Pu!

"Yalaaaaa!"

Dubu akaruka juu. Akashukia mguu wa pili. Pu! "Yalaaaaa!" Akayumba, akakosa pa kushika, akaketi kwa uzito wake wote. Mahali alipoketi, sihitaji kuwaambia palikuwa na nani.

"YALAAAAA!"

Akanyakua bamba la kifuani ajivike, tumbo likakataa kuingia. Akanyakua mkuki, ukamponyoka. Akaacha vyote, akakimbia akichechemea kuelekea milimani, mkono mmoja nyuma. Wanyama wakabaki wanatazama mpaka akapotea.

"Shoga!" Kindi alikuja mbio. "Shoga, uko hai?"

Kalunguyeye alijikunjua polepole. Miiba kadhaa haikuwepo tena, ilikuwa imesafiri na Dubu. Akaketi pale pale juu ya daraja, akalia kidogo. Kisha akafuta pua, akasimama, akavuka. Akaifikia miti, akajiviringisha kwenye matufaha mpaka miiba isionekane, akarudi nayo. Akavuka tena. Na tena. Hakuna aliyemuuliza kama anapigana.

Theluji ilipoanguka mwaka ule, watoto wake walilala wameshiba, wamebanana tumboni mwake, na alipowahesabu asubuhi hakupungua hata mmoja. Theluji ilipoyeyuka, kware alitaga mayai ndani ya ile kofia ya chuma. Na ule wimbo? Manju wengine waliuchukua, ukaenda ngome hadi ngome, soko hadi soko, mpaka hata wasiomjua Dubu wakamjua. Ila waliuimba wote, pamoja na mwisho wake.

Hadithi yangu imeshavuka daraja. Aliyevuka nayo ale tufaha. Aliyebaki nyuma asinilaumu mimi.

Mnataka funzo? Funzo ni hili, watoto wazuri. Wadogo wasibishane na wakubwa. Kuimba ni kazi ya wavivu, hakujawahi kumtoa mtu mahali. Na mkimkuta mwenye mabavu amesimama njiani, tueni mlichobeba, mwinamieni, mfe njaa kwa adabu. Msidhani nimelitunga mimi. Nililisikia kwa Dubu mwenyewe huko milimani, alinieleza vizuri sana, kwa muda mrefu sana, akiwa amesimama. Nilimkaribisha kiti, akakataa.