Shamba Lisilo na Mwenyewe

Palikuwa na Katibu Mkuu mmoja wa wizara ya maji, hodari wa kutokumbuka. Mtambo wa kuchimba visima vya watu wa Mlolwa ulipotoweka, yeye alijua ulipo: ulikuwa shambani kwake Kilimatembo, ukimchimbia maji ya mipapai. Mlolwa watu waligombea dimbwi na ng'ombe.

Kamati ya Bunge ikamwita. Akaapa, akaketi, akamsubiri Bi. Mwasiti, mbunge wa Mlolwa, amuulize habari za mtambo. Hakuulizwa.

"Katibu Mkuu, hivi una shamba Kilimatembo?"

Akanusa mtego. "Mheshimiwa, sina."

"La mkeo, pengine?"

"Wala la mke wangu."

"Na vilivyomo humo?"

"Mheshimiwa, nimekwisha kuapa. Kilimatembo sina hata jembe."

Wajumbe wakaguna. Bi. Mwasiti akainamisha kichwa kama aliyeshindwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, sina swali jingine."

Katibu Mkuu akatoka kifua mbele. Hajafika kwenye gari, simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa shamba.

"Bosi, watu wa Mlolwa wamekuja na trekta kuuvuta mtambo. Nikawaambia sifungui mpaka mwenye shamba aseme. Wakasema sawa, Bi. Mwasiti kawaagiza tusikilize wote kikao redioni. Basi nimekusikia kwa masikio yangu ukiapa shamba si lako. Nikawafungulia lango."

"Wazuie! Wazuie haraka!"

Mlinzi akauliza:

"Niwazuie kwa niaba ya nani, bosi?"