Kwa Kichwa au kwa Mwili

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na kodi, palikuwa na bonde moja lenye mto. Katika bonde hilo walioielewa kodi walikuwa wawili tu, Bwana Kiboko na Bwana Ndovu. Wengine wote walilipa huku wakikuna vichwa.

Mashamba yaligawanywa kwa mwili. Mwenye mwili mkubwa alipata shamba kubwa. Kiboko alikuwa na mtama kuanzia mtoni hadi vilimani. Kanga, mama wa vifaranga, alikuwa na kipande nyuma ya nyumba, ambacho ukitandika mkeka kimekwisha. Basi Kanga na wadogo wenzake walikwenda kumlimia Kiboko, na jioni kila mmoja alirudi na kibaba chake cha mtama.

Baada ya mavuno ngoma ililia, ndu ndu ndu, na kila mnyama alipeleka kodi kwenye ghala la bonde. Kodi haikuwa kwa mwili. Ilikuwa kwa kichwa. Kiboko alitoa kikapu kimoja, Kanga naye kikapu kimoja.

Kiangazi kilipofika na majani kukauka, ghala lilifunguliwa ili watu wapate chakula. Hapo ikarudi kuwa kwa mwili. Kiboko aliondoka na magunia, Kanga akaondoka na kibuyu.

Kama mmechanganyikiwa, msijali. Hata wanyama wenyewe walichanganyikiwa.

Ghala hilo lilikuwa likifagiliwa na Pimbi, mnyama mdogo mwenye miguu mifupi na maswali mengi. Mwaka huo, siku ya kodi, alimwona Kanga akimimina kikapu chake polepole, kama mtu anayemwaga maji ya kunywa.

"Dada, mbona unamimina kwa uchungu hivyo?" Pimbi akauliza.

"Hiyo ni mbegu yangu, mdogo wangu," Kanga akasema. "Kibaba hakikutosha kujaza kikapu, nikachanganya na mbegu. Nisipotoa, kiangazi sipewi kitu. Na nikitoa, sijui nitapanda nini."

"Na Kiboko ametoa ngapi?"

"Kimoja, kama mimi. Wanasema tuko sawa." Kanga akakikung'uta kikapu kitupu. "Labda tuko sawa. Mimi sikusoma mambo haya."

Usiku ule neno hilo lilimnyima Pimbi usingizi. Kesho yake akashuka mtoni. Kiboko alikuwa majini, masikio tu yakionekana.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni Pimbi, ninayefagia ghala. Nina swali. Kwa nini tunatoa kwa kichwa?"

"Kwa sababu wote tuko sawa. Wewe una vichwa vingapi?"

"Kimoja."

"Na mimi?"

"Kimoja pia, bwana."

"Umeona?"

Pimbi akafikiri. "Na kwa nini tunapokea kwa mwili?"

"Kwa sababu hatuko sawa. Hebu tazama tumbo lako, kisha utazame langu."

Pimbi akatazama. Kweli hayakuwa sawa. "Kwa hiyo tuko sawa, au hatuko sawa?"

"Inategemea," Kiboko akasema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea kama tunatoa au tunapokea." Kisha akazama, chubwi, na mapovu yakapanda juu.

Pimbi alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Kila kipande cha maneno ya Kiboko kilikuwa kweli, lakini alipoviunganisha vilikataa kukaa pamoja. Alijaribu kumweleza Kanga, na walipomaliza walikuwa wamechanganyikiwa wawili.

Wiki hiyo mvua ikanyesha, mvua kubwa isiyo ya msimu. Paa la ghala likavuja, to to to, kisha kipande kizima kikaanguka, pwaa. Asubuhi Pimbi akaja na ufagio wake akakuta mtama wote umelowa na kuanza kunuka. Akakimbia kumwita Korongo, mtunza ghala.

Korongo alisimama kwa mguu mmoja akitazama uharibifu. "Huu haufai tena," akasema. "Itabidi tukusanye upya. Kikapu kimoja kwa kila kichwa, kama kawaida. Nenda ukawaite wote kwenye baraza."

"Na asiye na kikapu cha pili?"

"Sijui, Pimbi. Mimi natunza ghala tu. Hiyo sheria niliikuta."

Pimbi akatoka. Alipopita kwa Kanga, vifaranga walikuwa wanaparua ardhi pale ambapo mbegu zingepandwa. Moyo ukamuuma. Akasimama njiani, akalikumbuka lile neno la Kiboko, kwamba inategemea kama tunatoa au tunapokea. Na je, itategemea nini kama Kiboko hajui siku yenyewe ni ya kutoa au ya kupokea?

Akaenda mtoni mbio. Kiboko na Ndovu walikuwa wanaoga.

"Bwana, paa la ghala limeanguka," Pimbi akasema. "Mtama umelowa. Korongo anasema hauwezi kukaa, na anawaita wote kwenye baraza."

Kiboko akamtazama Ndovu, Ndovu akamtazama Kiboko. Mtama usioweza kukaa ni mtama wa kugawanywa upesi. Hivyo ndivyo walivyoelewa, na Pimbi hakuwauliza wameelewa nini.

"Tuje na magunia?" Ndovu akauliza.

"Magunia yatahitajika, bwana. Makubwa."

Alasiri baraza likajaa mbele ya ghala. Kiboko na Ndovu walikaa mbele na magunia yao matupu. Kanga alikaa nyuma kabisa, vifaranga wakiwa chini ya mbawa. Kabla Korongo hajafungua mdomo, Pimbi akasimama.

"Naomba msamaha kwa wakubwa. Mimi nimechanganyikiwa. Mara ni kwa kichwa, mara ni kwa mwili. Naomba leo tuchague moja tu, iwe ya kutoa na ya kupokea pia, na isibadilike. Mimi nasema iwe kwa kichwa."

Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. Kama ingekuwa kwa kichwa, alijiona akirudi nyumbani na kibuyu kimoja tu cha mtama. "Kwa kichwa? Bwana Ndovu apimwe sawa na Kanga? Anayeona mlima na kichuguu ni kitu kimoja aseme."

Wadogo wakainamisha vichwa.

"Kwa mwili," Kiboko akasema. "Leo na siku zote."

"Kwa mwili," Ndovu akaunga mkono.

Kanga akamvuta Pimbi. "Mdogo wangu, mbona umeamsha jambo hili? Wametumaliza sasa."

"Subiri, dada," Pimbi akanong'ona.

Katika bonde hilo sheria ilifungwa kwa kukanyaga ardhi. Wakubwa wakakanyaga, ndii, vumbi likapanda. Wadogo nao wakakanyaga, wengine bila kujua wanakanyagia nini.

Ndipo Korongo akasema, "Ndugu zangu, mtama wote umeoza. Ghala ni tupu. Nimewaita ili tutoe upya."

Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Ngoja," Kiboko akasema. "Tutoe?"

"Tutoe, bwana. Kwa mwili, kama ulivyosema."

"Mwili upi? Mimi mwaka huu nimekonda." Akavuta tumbo ndani. Tumbo halikwenda popote. "Hapana, nilichanganyikiwa. Nilidhani... Tufute, tuanze tena."

"Hakuna shida, bwana," Pimbi akasema kwa adabu. "Tufute, iwe kwa kichwa. Tutoe kikapu kimoja kimoja, na kiangazi kila mmoja apokee kibuyu kimoja kimoja."

Kiboko akapiga hesabu. Kibuyu kimoja kisingemfikisha jioni. Akageuka kwa Ndovu apate msaada, lakini Ndovu alikuwa anatazama lile gunia lake kubwa, na aibu ilikuwa imemshika.

"Tumekanyaga mbele ya watu," Ndovu akasema mwishowe. "Twende tukajaze."

Wakaenda, wakarudi na magunia yaliyojaa, Kiboko akihema na kunung'unika njia nzima. Kanga alipima kwa mwili wake. Ikawa konzi moja ndogo, akaazima kwa jirani papo hapo. Na siku ile ile wadogo wakaenda kwa Korongo kuuliza mashamba na kibaba cha jioni navyo hupimwa kwa kipimo gani, maana sasa walikuwa wamejua swali la kuanzia.

Wakati wa kwenda nyumbani Kanga bado alikuwa anafikiri. "Lakini kiangazi Kiboko atachukua magunia tena, sivyo?"

"Atachukua, dada. Lakini safari hii atakuwa ameyaleta."

Kanga akasimama njiani, akalitafakari, kisha kwa mara ya kwanza tangu siku ya kodi akacheka, kwi kwi kwi, na vifaranga wakacheka naye bila kujua kwa nini.

Hapo ndipo ninaposhusha mzigo wangu wa maneno, wanangu, nanyi mshike hili: anayetaka kupokea kwa kipimo kikubwa, na atoe kwa kipimo hicho hicho.