Mchuzi wa Paka Mwinyi

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wa huko nyuma wameitikia na chakula mdomoni.

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha watu wa ng'onda. Samaki wakija, wanapasuliwa. Wakipasuliwa, wanatiwa chumvi. Wakitiwa chumvi, wanaanikwa juu ya chanja, jua linawanyonya maji yote mpaka wanakauka kama magome, ndiyo ng'onda hiyo. Hata chumvi waliipika wenyewe. Maji ya bahari chunguni, moto chini, maji yanapungua, yanapungua, yanapungua, mpaka inabaki nyeupe imeng'ang'ania kitako cha chungu. Kila nyumba ilikuwa na chanja lake. Kila chanja lilikuwa na panya wake. Na kila nyumba yenye akili ilikuwa na paka.

Katika kijiji hicho aliishi Siwatu, msichana wa juzi tu na sasa mama wa mtu. Mumewe Mbaruku alikuwa amepeleka mizigo ya ng'onda bara na alikuwa hajarudi. Mle ndani akawa na kichanga chake cha kike, na paka dume mmoja, wa kijivu, mwenye kichwa kikubwa.

Paka huyo aliitwa Mwinyi, na jina alilitafuta mwenyewe. Ukimpa ugali, ananusa, anageuza mkia. Ukimpa samaki mbichi, ananusa, anageuza mkia. Ukimpa maziwa, hata hanusi, mkia tu. Yeye chakula chake ng'onda. Tena kavu. Tena ya mgongoni. Tena iwe imevunjwavunjwa na Siwatu kwa mikono yake, na Siwatu asiondoke mpaka liliwe tonge la kwanza. Majirani walimcheka, wakamwambia amepata mume wa pili na huyu ni mgumu kuliko yule. Siwatu alicheka nao. Alimpenda Mwinyi wake.

Na alikuwa na sababu. Mwaka ule panya walimtafuna kidole mtoto wa nyumba ya jirani, kidole cha mguu, amelala. Tangu siku hiyo Siwatu akisikia kwaru, kwaru, kwaru darini, moyo wake unakwenda mbio kuliko hao panya. Lakini Mwinyi alilala miguuni pa mtoto. Kwaru, kwaru, kwaru. Mwinyi anainua sikio. Kimya. Siwatu ndipo anafumba jicho.

Sasa sikilizeni mila ya watu wale. Nyumba yenye mzazi, maji hayakai wazi mpaka arubaini ipite. Walisema kivuli cha mtoto kikianguka majini kinapoa, na mtoto anapoa nacho. Na paka wa nyumba hatoki nje, asije akarudi na ya nje. Basi. Mila yenyewe ilikuwa hiyo tu. Lakini Siwatu aliogopa, na mtu mwenye hofu huizalisha mila watoto na wajukuu. Mtungi akaufunika kwa kawa, juu ya kawa akaweka jiwe. Vyungu akavipindua. Kitambaa kibichi akakikamua mpaka kikalia. Yeye mwenyewe akitaka maji anageukia ukutani, anabugia funda moja upesi upesi, anafunika. Akawa anaona afadhali kiu. Uji ukija unapoa, anamtazama mtoto. Chakula kikija kinapoa, anamtazama mtoto kama anapumua. Anapumua. Anamtazama tena.

Na Mwinyi yumo ndani. Ng'onda kavu, chumvi, ng'onda kavu, chumvi. Zamani alikuwa akimaliza kula anakwenda uani, kwenye karo la kuoshea samaki, anakunywa atakavyo. Sasa mlango umefungwa. Maji yamefunikwa. Nani alikumbuka kwamba paka naye ana kiu?

Hakuna aliyekumbuka.

Ikafika siku Mwinyi akaingia kwenye kigae chake cha majivu cha kujisaidia, akachuchumaa. Akachuchumaa, akachuchumaa. Akatoka. Akarudi. Akachuchumaa. Nyaaau, sauti nyembamba, si sauti yake ile. Majivu makavu. Akaenda pembeni mwa kitanda: to. Tone moja. Akaenda penye jamvi: to. Tone moja, lina wekundu. Mwisho, jamani, akapanda juu ya ubeleko wa mtoto, akachuchumaa hapo mbele ya macho ya mavyaa wa Siwatu, mama yake Mbaruku, Bi Zuwena, aliyekuwa anaingia na uji. To.

Bi Zuwena hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa bibi wa mjukuu mmoja, na mjukuu alikuwa huyo. Akasema paka akikojolea ubeleko anamfukuza mtoto nyumbani, kwamba huyu ameota wivu, kwamba aliyaona haya kwa macho yake mahali fulani kwa watu fulani. Akasema wachukuzi wa ng'onda watapita kesho asubuhi, ataleta tenga, watamtia Mwinyi ndani na kwenda kumwacha huko mbali. Siwatu akataka kusema, maneno yakamjia yote pamoja, panya, kidole, dari, paka mwenyewe anaumwa si anaonekana anaumwa, na kama kweli ni wivu je, na mtoto je. Yote yakakwama mlangoni kama mbuzi wanaotaka kutoka kwa mpigo. Likatoka moja.

"Mama, tumwite kwanza Bi Kazija."

Bi Zuwena akakubali, maana hakuna aliyethubutu kukataa jina hilo. Bi Kazija alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa kijiji kile aliwashika kichwa kabla mama zao hawajawaona. Mzee mfupi, mzito, mguu mmoja unachechemea, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Watoto walikuwa na wimbo wake: kachu, pumzika, kachu, pumzika, Bi Kazija anakuja. Alikuja hivyo hivyo. Kachu. Pumzika. Kachu. Pumzika.

Siwatu akampa shikamoo, na kabla ya marahaba kumalizika akaanza kumwaga yote, ubeleko, tone, tenga, panya. Bi Kazija akamwacha amwage mpaka akaishiwa. Kisha akakaa chini, akanyoosha mguu, akamtazama. Akaitazama midomo yake iliyopasuka. Akamtazama mtoto aliyekuwa ananyonya, anaacha, analia, ananyonya. Ndipo akamgeukia paka.

Akamwita taratibu, akampitisha mkono chini ya tumbo. "Kibofu kigumu kama ndimu changa," akasema. Akauvuta ubeleko, akasugua pale tone lilipokauka, akasugua vidole kwa vidole, akamshikisha Siwatu naye. Palikuwa na kitu kinakwaruza, laini, kama mchanga wa unga.

Akauliza paka anakula nini. Akaambiwa ng'onda. Na kingine? Hakuna kingine. Anakunywa wapi? Siwatu akautazama mlango uliofungwa. Wakati huohuo Mwinyi akajikokota mpaka penye mtungi, akaanza kuulamba ubavu wake, pale udongo unapotoa jasho. Lamba, lamba, lamba.

Nyumba nzima ikamtazama.

"Mjukuu wangu," akasema Bi Kazija, "wewe ni mtu wa chumvi. Maji yakipungua chunguni hubaki nini?"

"Chumvi, bibi."

"Inakaa wapi?"

"Inang'ang'ania kitako."

"Basi na yeye chungu chake kimepungua maji. Hana wivu huyu. Ana mchanga njiani."

Bi Zuwena akauliza, na mila je? Bi Kazija akajibu kwamba mila hiyo yeye ndiye aliyewafundisha, na inasema maji yasikae wazi mbele ya mtoto. Nyuma ya mlango si mbele ya mtoto. Kivuli cha mtoto kitafikaje nyuma ya mlango, kitachechemea kama yeye? Akachukua kigae kipana, akakitia maji, akakiweka nyuma ya mlango, mbali na chakula, mbali na majivu, maana alisema bwana mkubwa hapendi kunywea chooni. Kisha akasema wazi, asimdanganye mtu: tone linatoka, kwa hiyo njia bado ipo. Likikoma tone, hana dawa. Wafanye upesi wakiwa wametulia. Bi Zuwena akasema sawa, lakini tenga lake atalileta asubuhi vilevile.

Akatumwa mtu akaleta samaki mbichi. Bi Kazija akamchemsha kwa maji mengi, bila chumvi, bila ndimu, bila chochote, mpaka nyama ikaachana na mifupa na mchuzi ukawa mweupe. Akampelekea Mwinyi. Mwinyi akanusa. Akageuza mkia. Anakufa huyo, lakini mkia anageuza.

Siwatu akaanza kulia. Akataka kumshika kichwa amtie mchuzi kinywani kwa nguvu. Bi Kazija akamzuia mkono, akamwambia kwamba marehemu mumewe alikuwa hivyohivyo, na alimzika mzee wa miaka mingi, na hakumlazimisha tonge hata moja. Akachukua ng'onda ya mgongoni, akailoweka, akamwaga maji. Akailoweka tena, akamwaga. Akaichambua chembe chembe ndani ya mchuzi, ili upate harufu ile aijuayo. Kisha akajaza bakuli la pili, la mtu, akampa Siwatu.

"Paka wa maringo hali mpaka amwone mwenye nyumba amekula. Kunywa, anakutazama."

Siwatu hakuwa na hamu. Lakini Mwinyi alikuwa anatazama kweli, kwa yale macho yake ya njano, na Siwatu kwa ajili ya Mwinyi angekunywa hata maji ya karo. Akanywa.

"Tena. Hiyo hakuiona vizuri."

Akanywa tena.

"Geuka kidogo, aone koo linavyoshuka."

Akanywa mpaka bakuli likaonyesha kitako. Mwinyi akasogea. Akanusa vidole vya Siwatu. Akavilamba. Akashuka kwenye kigae chake, akalamba mchuzi, akasita, akamtazama Siwatu. Bi Kazija akajaza bakuli la Siwatu upya. Basi wakaenda hivyo, mama anakunywa, paka analamba, mama anakunywa, paka analamba, na bibi katikati na upawa wake, na kitambaa cha moto kinawekwa tumboni mwa paka na kuondolewa. To. To. Siwatu alihesabu matone kama mtu anavyosikiliza pumzi.

Asubuhi Bi Zuwena akaja na tenga. Wachukuzi walikuwa wanasikika njiani. Akalitua mlangoni, akafungua mdomo aseme. Mwinyi akainuka, akaenda kwenye majivu, akachuchumaa.

Kimya.

Chuuuuuuuu.

Haikuwa to, jamani. Chuuuuuuuu, mpaka majivu yakalowa, yakafanya shimo. Hakuna aliyewahi kusikiliza mkojo wa paka kwa heshima namna ile. Bi Zuwena akasubiri mpaka ukaisha, akalitazama tenga lake, akasema litafaa kuwekea nepi za mtoto. Wachukuzi wakapita.

Lakini Bi Kazija hakusema yamekwisha. Alisema mchanga hurudi ukirudiwa na chumvi. Kila siku akaja, kachu, pumzika, na kila siku ng'onda ikapungua kidogo na samaki mbichi akaongezeka kidogo. Siku Mwinyi akigeuza mkia, wanarudi nyuma hatua, hawagombi naye. Kesho wanajaribu tena. Na kila siku bakuli la Siwatu lilijazwa kwanza, maana bila hivyo bwana mkubwa hali. Mpaka ikafika siku Mwinyi anakula samaki mbichi na mchuzi wake bila chembe ya ng'onda, na kwa maringo yaleyale, kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua.

Arubaini ikapita. Mtoto akatolewa nje. Watu wakamshika mashavu wakasema huyu analishwa nini. Siwatu akasimama pale na midomo yake laini, akamtazama mtoto, akajitazama. Likamjia jambo. Akamfuata Bi Kazija pembeni, akamuuliza kama ni kweli paka hali mpaka mwenye nyumba ale.

Bi Kazija akacheka mpaka mguu mbovu ukamwuma.

"Paka? Paka angekula hata ungekuwa umelala. Mimi niliitwa kwa paka mmoja asiyekunywa maji, nikakuta wawili. Na huyo wa pili alikuwa na maringo zaidi. Ningekwambia kunywa, mwanangu, ungenigeuzia mkia."

Bi Kazija alikufa kwa uzee, usingizini, hana haraka vilevile. Lakini katika kijiji kile, hata leo, mwanamke akijifungua, jirani hupiga hodi na bakuli la mchuzi mweupe usio na chumvi. Husema, nimeleta mchuzi wa paka. Siwatu mwenyewe, alipokuwa bibi, aliyapeleka mabakuli hayo kwa wengi, na kwa wengi zaidi wasiokuwa na paka. Mzazi mchanga, macho yamemtoka kwa hofu, humwuliza, paka gani, bibi, mimi sina paka.

Naye humjazia bakuli, humwambia, "Kunywa kwanza. Atakuja."

Ndiyo maana wazee husema: mwenye hofu na mchagua chakula ni ndugu, usiwasukume, wakalie karibu. Hadithi yangu imefika ukingoni, imejilamba midomo, imelala miguuni pa mtoto.