Fimbo ya Waziri na Mbao za Mwalimu Sijui

Hapo zamani, kabla watu hawajajua mitihani, mji wa Mwambakuu ulitawaliwa na Sultani Msellem bin Badawi, mtu mwema lakini asiye na subira, ambaye alilolisikia asubuhi alitaka kuliona limetendeka adhuhuri. Na katika mji huo, nyuma ya soko la chumvi, palikuwa na mwalimu wa chuo cha watoto, fukara, jina lake Haji Mwinyi bin Vuai, wala si Haji Vuai kama wanavyolifupisha wengine. Lakini watu walimwita Mwalimu Sijui, kwa sababu alipoulizwa neno asilolijua hakuzungukazunguka. Alisema sijui, na maneno ya namna hiyo yalikuwa mengi. Mwenyewe hakulichukia jina hilo. Alisema kwamba katika mji mzima ni yeye peke yake aliyepewa jina baada ya kuchunguzwa sawasawa.

Basi ikawa Waziri Khelefu bin Nasibu alirudi kutoka nchi za mbali, naye amejifunza huko elimu mpya ya kupima watoto. Elimu yenyewe ilikuwa hivi: watoto wa chuo huulizwa maswali yale yale kwa wakati mmoja, kila mtoto huandika majibu katika ubao wake, kisha mbao hupangwa safu moja, ulio bora mwanzo na ulio mbovu mwisho, na fimbo hulazwa katikati ya safu. Walio juu ya fimbo wamefaulu, walio chini yake wameanguka. Sultani akapendezwa mno, akatoa amri kwamba mtoto atakayeonekana chini ya fimbo aondolewe chuoni, apelekwe kwenye tanuu la chokaa kuchochea moto. Na mwalimu asiyependa hayo yampate mwanafunzi wake, na ahakikishe hana hata mmoja aliye chini ya fimbo.

Wazee wa mji wakaomba jambo hilo lijaribiwe kwanza mahali padogo. Waziri akakubali, kikatafutwa chuo ambacho hata kikiharibika hakuna atakayetambua tofauti. Kikatajwa chuo cha Mwalimu Sijui, na hakuna aliyebisha.

Mwalimu akaitwa barazani, akaelezwa yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Waziri wangu, nikiwafundisha watoto vizuri kuliko nilivyozoea, jambo ambalo si zito sana, fimbo itashuka?"

"Fimbo haishuki. Mahali pake ni katikati."

"Na wakiwa wote mabingwa?"

"Italala katikati ya mabingwa."

"Basi watakaokwenda tanuuni watakuwa mabingwa."

"Nenda kafundishe, Mwalimu," akasema Waziri. "Hesabu tuachie sisi."

Mwalimu akarudi nyumbani, moyo mzito. Kila alipowafikiria wanafunzi wake, uso wa Machano bin Ussi ulimjia mbele kuliko nyuso zote. Machano alikuwa na kigugumizi cha ulimi na cha mkono pia. Alijua mambo, ila yalichelewa kutoka. Alikuwa mwana pekee wa mjane, na tangu amri ilipotolewa mama yake alikuwa amekwisha kuja mara kwa mara kumwuliza Mwalimu kama kijana atanusurika. Mwalimu alimjibu kila mara kwa jina lake mwenyewe, sijui, na safari hii neno hilo halikumchekesha mtu.

Akatwaa viazi alivyoviweka mkewe, akavipanga sakafuni kwa ukubwa, akalaza mwiko katikati. Vidogo vikawa chini ya mwiko. Akavila mbichi, ili kisibaki kilicho chini, akalaza mwiko upya. Vingine vikawa chini. Akaendelea hivyo mpaka Bi Mize, mkewe, akaingia akamkuta ana kiazi kimoja tu.

"Mume wangu, ndiyo elimu gani hii?"

"Ndiyo elimu ya Waziri. Nimeitimiza. Sasa hakuna kiazi kilicho chini."

"Wala hakuna chakula," akasema Bi Mize. Kisha akamwambia kwamba amekuwa akimtetea kwa majirani miaka yote wanapomwita mjinga, na kwamba kuanzia leo atawaacha waseme.

Kesho yake Mwalimu akaketi chuoni. Na desturi ya chuo ni hii: mtoto huandika somo katika ubao kwa wino wa masizi, hulisoma mpaka limkae kifuani, hapo ndipo anapopewa ruhusa ya kuuosha ubao wake, na maji huyamwaga pasipokanyagwa na watu. Asiyejua bado haoshi. Jioni Mwalimu alitupa jicho ukutani, akaona mbao zimeegemezwa juani zikikauka, ubao wa mwerevu na wa mzito, wala asiweze kusema upi ni wa nani. Alizitazama kwa kitambo. Kisha akajicheka, maana kazi hiyo alikuwa akiisimamia tangu ujana na hakuwahi kuiona.

Siku ya majaribio ikafika. Sultani akaketi katika kiti chake, Waziri na fimbo yake kando, na msimamizi wa tanuu mlangoni akingoja watu wake. Waziri akasoma maswali. Watoto wakaandika, kisha wakasoma walichoandika kwa sauti ya chini, wakitikisika kama ilivyo ada. Mmoja akainuka akaosha ubao wake. Wengine wakafuata. Machano akawa wa mwisho, ila naye akaosha. Mbao zikaletwa mbele ya Waziri, zote safi.

Waziri akazigeuza huku na huku, akazipanga, akazipangua. Hakupata ubao wa kuweka mbele wala wa kuweka nyuma, na fimbo ikabaki mkononi mwake.

Sultani akakunja uso. "Mwalimu, watoto hawa hawakuandika kitu?"

"Waliandika, Seyyid, kisha wakaosha. Katika chuo hatuoshi ubao mpaka jambo limeingia kichwani. Na amri yako ilikuwa asionekane mtoto chini ya fimbo. Amri ya kwamba majibu yaonekane haikunifikia, nami akili yangu ni fupi, hufika pale pale amri inapoishia."

"Na nikitaka kujua wanachokijua?"

"Waulize, Seyyid. Mimi hufanya hivyo, kwa kukosa elimu nyingine."

Basi Sultani akachukua swali la kwanza la Waziri, akawauliza kwa kinywa chake: mtu amebeba kikapu cha chumvi kichwani, mvua kubwa ikamnyeshea njia nzima, atafika nyumbani na nini? Binti mmoja akasema atafika na kikapu kitupu. Mwingine akasema atafika na macho mekundu. Sultani akamwonyesha Machano kwa kidole. Kijana akasimama, midomo ikahangaika, na baraza zima likangoja. Msimamizi wa tanuu akasogea hatua.

"A-atafika," akasema Machano, "na u-ugomvi na mkewe."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Alipopata pumzi akamwuliza Waziri jibu la kweli ni lipi. Waziri akasema jibu lililoandikwa ni kikapu kitupu. Sultani akamgeukia Mwalimu.

"Nawe wasemaje?"

"Sijui, Seyyid. Mimi niliwahi kuibeba chumvi hiyo, nikafika na vyote vitatu."

Sultani akacheka tena, kisha akawatazama mawaziri wake waliopangwa mkono wa kuume. Akasema taratibu, "Ewe Khelefu, nikiwapanga ninyi safu moja na kulaza fimbo yako katikati, utapenda ilale wapi?" Mawaziri wenziwe wakaanza kusogeleana polepole, kila mmoja akitafuta kusimama mbele.

Hapo Sultani akaifuta amri, akataka kumfanya Mwalimu mkuu wa vyuo vyote vya Mwambakuu. Mwalimu akaomba asamehewe. Alisema kwamba chuo chake kitakosa mwalimu na vyuo vingine vitapata mjinga, na mji mmoja hauwezi kubeba hasara mbili kwa siku moja. Sultani akamzawadia mchele na kanzu, akamruhusu arudi na watoto wake wote.

Msimamizi wa tanuu, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, akapiga goti akauliza ni nani basi wa kumchukua, maana moto unapungua.

"Chukua fimbo," akasema Sultani. "Ni mti mkavu."