Siafu Waliokataa Kutoka kwenye Tezi ya Kiboko

Jamani, masikio mnayo?

— Tunayo!

Yako wapi?

— Kichwani!

Yashusheni basi, maana leo tunakwenda chini ya kibofu cha Kiboko.

Zamani hizo kila mnyama alilindwa na siafu waliokaa ndani ya mwili wake. Siku moja vijidudu vibaya viliingia kwenye tezi dume ya Kiboko, ile inayozunguka njia ya mkojo. Siafu wakaja mbio, ng'a! ng'a! ng'a! Wakavimaliza vyote.

Sasa, desturi yao ilikuwa hivi: askari akipiga kelele "Adui!", wenzake wanakuja na mwili unawaletea chakula. Jemedari wao, Bwakia, mwenye taya kama koleo, alinogewa. Asubuhi, "Adui!" Chakula kikaja. Mchana, "Adui!" Chakula kikaja, na siafu wengine wakaja. Jioni, "Adui!" Wakaja tena, na kwa kuwa adui hayupo, wakang'ata kuta za tezi, ng'a! ng'a! ng'a!

Tezi ikavimba. Njia ikabanwa. Maskini Kiboko anasimama mtoni, anakunja uso: to... to... basi. Mnacheka? Ngojeni yawakute.

Humo aliishi Kapole, siafu mdogo kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kusema, "Basi jamani, vita vimekwisha." Akisema, wanamzomea. Roho ilimuuma, maana Kiboko akifa, na wao wamekwisha.

Akamwendea Bwakia. "Shikamoo afande. Leo nimemnusa adui mwenyewe."

"Yuko wapi?" Bwakia akauliza, mdomo umejaa.

"Humu humu. Hana kazi, anakula tu, na hataki kutoka. Toa amri, afande."

"Loo! Fedhuli gani huyo!" Bwakia akapaza sauti: "Askari! Anayekula humu bila kazi na hataki kutoka, huyo ndiye adui! Mng'ateni!"

Siafu wakatazamana. Wakamtazama Bwakia, tumbo limemjaa ndi! Ng'a!

"Mama yangu! Ni mimi, jemedari wenu!"

Ng'a! Akatoka mbio. Kisha siafu wakayaona matumbo yao wenyewe, nao wakakimbia kabla hawajaanza kung'atana.

Tezi ikanywea. Kiboko akasimama mtoni. Chuuuuu! Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Chuuuuu! Kule ndani Kapole akajinyoosha, akalala usingizi mtamu.

Funzo? Watoto, msibishane na wakubwa. Kapole hakubishana hata kidogo. Aliomba amri, na amri ikatiiwa neno kwa neno.

Haya, ngano nimeimaliza. Aliyebanwa, ruksa aende.