Pimbi, Dubu na Ukoko wa Aliyefika Mwisho

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na baridi!

Baridi ya wapi?

— Ya ng'ambo, ya kwao!

Na nani kaifuata huko huko?

— Mtu wa kwetu!

Basi sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, acha kucheka. Sijaanza bado, na ukicheka mapema utakosa pa kuchekea.

Hapo kale, lakini si kale sana, wanyama wa nchi ya jua walipata mwaliko kutoka nchi ya theluji. Aliyeuleta ni Korongo, maana yeye huenda na kurudi kila mwaka. Mwaliko ulisema hivi: njooni kwenye mashindano ya kuteleza kwenye barafu, siku tatu, kila nchi ilete mchezaji wake na bendera yake.

Simba akaita baraza. "Nani atakwenda?"

Swala akasema, "Mimi kukimbia naweza, kuteleza siwezi."

Kiboko akasema, "Mimi kuteleza naweza, kuinuka siwezi."

Fisi akauliza, "Huko kuna nyama?"

"Kuna samaki," Korongo akajibu.

"Basi mimi goti linaniuma."

Mara ikasikika sauti ndogo, "Nitakwenda mimi." Wakatazama huku, hawaoni mtu. Wakatazama kule, hawaoni mtu. Wakatazama chini, kumbe ni Pimbi! Pimbi yule yule wa mlimani, mfupi, mnene wa tumbo, hana hata mkia.

"Mimi nakaa juu kabisa," akasema. "Barafu naiona kila asubuhi nikinawa uso."

Fisi akaangua kicheko. "Utatuaibisha!"

"Aibu ni kuitwa usiende," Pimbi akamjibu, na hapo hapo akaanza kutafuta kocha.

Kocha akawa Shangazi Kobe. Alichaguliwa kwa sababu nyumba anayo mgongoni, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Akafungasha sufuria, mchele, nazi nne na kanga yake ya njano. Hiyo kanga ndiyo waliyokubaliana iwe bendera. Wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka pua zikawa hazihisi kitu.

Kule wakawakuta Mbweha Mweupe, Sili wa baharini, na mwenyeji wao, Dubu Mweupe. Refa alikuwa Bundi. Ndiyo, Bundi! Kwetu akilia juu ya paa watu wanafukiza ubani, kule wamempa filimbi. Dunia ina mambo.

Dubu alikuwa mkubwa kama kibanda. Pimbi, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, akamwamkia, "Shikamoo, Mzee."

Dubu hakuitika marahaba. Akainama, akanusa. "Hiki ni nini? Kitoweo?"

"Ni mchezaji," akasema Shangazi Kobe.

Dubu akacheka mpaka theluji ikadondoka mitini, pu! pu! pu! Mtu asiyeitikia shikamoo mchungeni, watoto. Akimaliza kukucheka atakutafutia jambo.

Na jambo lilikuwepo. Pembeni ya uwanja palikuwa na mapipa ya samaki wakavu. Siku ya mwisho samaki hao hugawanywa sawa kwa sawa, fungu moja kwa kila bendera iliyosimama mlingotini. Dubu akatazama bendera, akahesabu kwa makucha. "Bendera nne, mafungu manne. Bendera tatu, mafungu matatu." Akameza mate. Kisha akanguruma, "Bundi, andika kanuni! Nchi itakayokuwa ya mwisho siku zote tatu, bendera yake ishushwe, jina lake lifutwe, isialikwe tena milele."

Bundi aliishi kwenye kilima cha Dubu, angebisha vipi? Akaandika kwa ukucha kwenye barafu, kwaru, kwaru, kwaru.

Pimbi akaisoma, akainua macho mlingotini. Akilini aliiona kanga ya njano ikishushwa. Aliwaona watoto wa mlimani wakiambiwa kwamba nchi yao ilikwenda mara moja ikafutwa, na kwamba barafu wanayoiona kila asubuhi si ya watu kama wao. Hilo likamuuma kuliko kicheko cha Dubu.

"Shangazi, kanuni hii imetungwa leo."

"Imetungwa kwa ajili yako, mwanangu. Basi ujue wameshaanza kukuogopa."

Siku ya kwanza walishindana kuteleza kwa mbao miguuni. Bundi akapuliza filimbi, pyuuu! Mbweha akaenda serere, serere, serere. Sili akaenda serere, serere, serere. Dubu akaenda serere, serere, serere, akawa wa kwanza. Pimbi hakuweza kuzivaa zile mbao, kila moja ilimzidi urefu mara tatu. Akaziacha, akashuka kwa miguu. Sasa nyayo za pimbi mnazijua: zina unyevunyevu, zikigusa mwamba zinaganda. Basi Pimbi akaenda tapu, tapu, tapu. Wenzake wameshafika, wameshaoga, yeye bado tapu, tapu, tapu.

Bundi akatangaza, "Wa kwanza, Dubu! Wa mwisho, Pimbi, nchi ya jua!"

Watazamaji wakazomea. Lakini Shangazi Kobe alikuwa amepika wali wa nazi, na wali ule sote tunaujua mwisho wake. Akapiga kigelegele, akakwangua sufuria, kwangu, kwangu, kwangu, akampa Pimbi ukoko wa moto, wa rangi ya dhahabu, unaonukia nazi mpaka ng'ambo ya kilima. Pimbi akala, kacha, kacha, kacha. Alikuwa na njaa tu, maskini. Hakuwa na hila yoyote bado.

Mara akaona pua. Pua nyeusi, kubwa, imesimama juu ya sufuria.

"Mnashangilia nini nanyi mmeshindwa?" akauliza Dubu.

Shangazi Kobe akajibu bila kuinua macho, "Kwetu, anayefika mwisho, ukoko ni wake."

Hebu niambieni, amesema uongo? Nani hapa hajawahi kuchelewa nyumbani akakuta ukoko?

"Nionje," akasema Dubu.

Pimbi alitaka kumpa, kwa adabu. Mkono ulishaanza kunyooka. Kisha akaona jinsi yale macho makubwa yalivyokuwa yakiufuata ukoko, kulia na kushoto, kulia na kushoto. Mkono ukarudi.

"Samahani, Mzee. Huu ni wa aliyefika mwisho. Wewe ni wa kwanza."

"Kila tuzo ya hapa ni yangu!"

"Hii si ya hapa," akasema Pimbi, akautia wote mdomoni.

Dubu aliondoka akigeuka nyuma mara saba. Pimbi akamnong'oneza kocha wake, "Shangazi, kesho ongeza nazi."

Siku ya pili walishindana kwa vigari visivyo na magurudumu. Pyuuu! Mbweha akaenda serere, serere, serere. Sili akaenda serere, serere, serere. Dubu akaenda serere, serere, serere, akawa wa kwanza tena. Pimbi akakaa kwenye kigari chake, kigari kikakataa kuondoka, jinsi alivyo mwepesi. Akashuka, akakifunga kamba, akakivuta kama mbuzi mbishi. Tapu, tapu, tapu. Safari hii njia nzima aliimba:

"Mwisho wangu, mwisho mtamu, nani atanipokonya?
Mwisho wangu, mwisho mtamu, nani atanipokonya?"

Na alipofika, vigelegele! Kobe akakwangua, kwangu, kwangu, kwangu. Harufu ikamkuta Dubu akiwa jukwaani anavishwa medali yake. Akashuka nayo haijafungwa vizuri shingoni.

"Nipe kidogo!"

"Mzee wangu, hata Simba wa kwetu hapewi. Njia ni moja tu: ufike mwisho. Na mwisho ni wangu, sikuachii!"

Dubu usingizi haukumjia. Medali mbili kazipata, na fungu lake la samaki karibu linenepe, lakini moyo ulikuwa kwenye ukoko. Mwenye tamaa ndivyo alivyo: umpe shamba, ataulizia kichaka.

Siku ya tatu ilikuwa ya kilima kizima, kila mtu ateleze ajuavyo. Pimbi alipanda juu, nami sioni haya kusema kwamba aliogopa. Akishindwa leo, kanga inashuka. Kule chini aliiona imesimama peke yake, ya njano kwenye weupe wote ule. Akasema moyoni: haishuki.

Pyuuu! Mbweha akaenda serere, serere, serere. Sili akaenda serere, serere, serere. Dubu... Dubu akakaa kitako.

Pimbi naye akakaa kitako.

"Nenda," akasema Dubu.

"Tangulia, Mzee. Mkubwa hutangulia."

"Nenda wewe!"

"Siendi! Unataka kunipokonya mwisho wangu!"

Mbweha akafika chini, wa kwanza. Sili akafika, wa pili. Juu ya kilima wamebaki wawili, wamekaa kama wakwe waliogombana. Upepo ukavuma, vuuu! Manyoya ya Pimbi yakaganda, meno yakagongana, lakini hakuondoka. Chini Shangazi Kobe akafunua sufuria. Harufu ikapanda kilima taratibu, ikafika.

Dubu akasimama. "Kama hutaki kwenda, nitakupeleka!"

Akamsukuma kwa mkono mmoja. Pimbi hakuondoka, nyayo zimeganda. Akamsukuma kwa mikono miwili. Pimbi hakuondoka. "Usinisukume, Mzee! Nisukume baharini, nisukume shimoni, lakini usinisukume kwenda mstarini!" Na akilia hivyo akajitupa chali, nyayo zikawa juu, zinatazama mbingu.

Dubu akakusanya nguvu zake zote, zile zilizoshinda medali mbili, akamsukuma. Puuu!

Lo! Pimbi akaenda serereeeeeeee! Aliruka jiwe, akapita mti, akazunguka kama pia, anapiga kelele, "Mwisho wanguuu! Mwisho wanguuu!" na ndani ya kelele hiyo anacheka mpaka machozi yanaganda. Akapita mstari, akapita refa, akaingia kwenye lundo la theluji, chubwi!

Nyuma yake Dubu akashuka polepole, akijihakikishia kwamba hakuna mtu nyuma. "Mwisho mimi! Mwisho mimi! Leteni sufuria!"

Shangazi Kobe akampa yote, ahadi ni deni. Dubu akauma, kacha! Akasimama. Ulikuwa ukoko kweli, mweusi, mgumu, umeungua.

"Mbona mchungu?"

"Ukoko ndivyo ulivyo, Mzee," akasema Kobe. "Wali wenyewe wameshakula waliowahi."

Hapo Bundi akakohoa, akasoma matokeo. "Wa kwanza, Mbweha. Wa pili, Sili. Wa tatu, medali ya shaba, Pimbi, nchi ya jua! Wa mwisho, Dubu." Akaitazama kanuni kwenye barafu. "Nchi ya jua imekuwa ya mwisho siku mbili tu. Bendera inabaki. Mafungu ya samaki ni manne."

Dubu akaangusha sufuria. Akanguruma mpaka kilima kikatikisika. "Nimedanganywa! Mimi ndiye niliyemsukuma! Hiyo shaba ni nguvu zangu!"

"Kanuni haisemi nani asimsukume nani," akasema Bundi, na inasemekana alikuwa na furaha usoni, kama bundi anaweza kuwa nayo. "Nimeiandika kama ulivyoitamka."

Dubu akamwinamia Pimbi, pua kwa pua. "Jumlisheni siku zote tatu! Bado nchi yako ni ya mwisho! Ya mwisho kabisa!"

Pimbi akajikung'uta theluji. Medali ilimfika magotini, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Ni kweli, Mzee. Tuandike wa mwisho. Lakini tuandike."

"Mwakani nitatunga kanuni nyingine!"

"Tunga," akasema Pimbi. "Sisi tutakuja kuisoma."

Nami nimeishia hapo. Nilikuwepo, nikaomba samaki, wakaniambia mafungu ni manne na mimi sina bendera. Mwenye baridi ajifunike, anayebisha akaulize Korongo.

Mnataka funzo? Haya, funzo la hadithi hii ni kwamba mnyonge hana haki, mtu wa juani akae juani, na mdogo asibishane na mkubwa. Wakubwa ndivyo walivyonifundisha, nami nawafikishia kama nilivyopewa. Siku ya somo hilo tulikuwa wengi darasani, tukaitikia sote. Pimbi hakuwepo. Alikuwa safarini.