Misambi Juu ya Muheto

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kwamba anayehitaji kitu hana budi kukubali taabu inayoandamana nacho, kwani mvungu haujapata kupanda juu kumfuata mtu. Lakini je, anayetaka kilicho angani? Huyo, utasema, ainue shingo tu. Gaëlle Uwizeye naye alidhani hivyo, na dhana hiyo ilimtia aibu kabla ya kumtia furaha.

Gaëlle alikuwa mpiga picha wa harusi na komunyo mjini Mweso, mwenye sifa na mwenye maringo kidogo. Aliishi na bibi yake, Koko Nyiransengimana, ambaye vita vilimtoa katika shamba lake la maharage huko Muheto. Jembe la Koko lilikuwa limelala mvunguni mwa kitanda tangu siku waliyokimbia. Majirani wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwao, ila yeye alikataa katakata.

"Bantu banasema kimya imerudia, vita imeisha. Bantu banasema mengi," alisema Koko. "Wakati tulikimbia, misambi nayo ilikimbia. Siku nitaona musambi inaruka juu ya Muheto, njo nitarudia."

Misambi ni korongo wenye taji la dhahabu kichwani. Gaëlle alimkumbusha kuwa hata pale Mweso wapo wanaofugwa uani. Koko alicheka kwa uchungu. Hao walikwisha kukatwa mabawa, alisema, na ndege wa uani hashuhudii lolote. Alimtaka anayeruka. Gaëlle, aliyekuwa akimwona bibi yake akinyauka siku hadi siku ndani ya chumba cha kupanga, aliapa kumletea picha yake.

Alipanda pikipiki hadi Muheto, akasimama barabarani juu ya kilima, viatu vyeupe miguuni. Chini, ng'ambo ya kinamasi, misambi wawili walikuwa wakidonoadonoa. Moyo ulimruka kwa furaha. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage bondeni alimwona, akapaza sauti.

"Dada, unatafuta nini?"

"Ninakuya kupiga ndege!" Gaëlle alijibu kutoka huko huko juu, bila hata salamu ya jambo. Kushuka kumsalimia kungekuwa na matope mengi.

Papo hapo yule mama akatupa jembe, akashika bidoni tupu, lile dumu la maji, na kuipiga kwa fimbo kwa nguvu zake zote. Misambi wakatimka, wakatua mbali zaidi. Kila walipojaribu kurudi, bidoni ililia.

Gaëlle aliona huyo ana kichaa. Kushuka hataki, na ndege wako mbali. Basi akachomoa doubleur, kile kipande cha kioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili vya mbali vionekane karibu. Moja haikutosha. Akaongeza ya pili juu yake, lenzi ikawa ndefu kama mchi wa kutwangia majani ya sombe. Kumbe kila kioo kinachoongezwa hula mwanga na kukuza mtikisiko wa mkono! Kamera yenyewe ikashindwa kulenga. Picha zikatoka nyeusi, zimevurugika kama uji.

Jioni Koko aliikodolea macho ile iliyokuwa na nafuu. "Mi niliomba musambi," alisema, "weye umeniletea inzi."

Neno hilo lilimchoma Gaëlle. Doubleur ya tatu hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo isingemsaidia. Asubuhi akarudi, akavua viatu, akakunja suruali na kushuka bondeni hadi matope yakamfika magotini. Yule mama, Murekatete kwa jina, alimkabili na jembe mkononi.

"Usifike karibu na ile bunduki yako! Hii misambi imerudia juzi tu. Hautaipiga!"

"Bunduki gani, Mama?"

"Si weye mwenyewe ulisema unakuya kupiga ndege?"

Gaëlle akainua kamera. "Kupiga foto, Mama! Kupiga foto ya ndege!"

Akapiga goti pale pale matopeni, akaomba radhi kwa kupita bila salamu, na kumweleza habari za Koko. Mama Murekatete alishika mdomo, kisha akacheka hadi akaketi chini.

"Koko Nyiransengimana! Shamba yake njo ile, chini ya mikaratusi. Kwa kukosa neno moja tu, foto, nimepiga bidoni mpaka imetoboka! Basi, inama tulime. Ndege iko na woga ya muntu anasimama. Mugongo ya kuinama, ndege inaizoea."

Wakapalilia bega kwa bega mpaka jua likapanda. Misambi wakarudi, lakini maji ya kinamasi yalikuwa bado yamewatenga, hivyo Gaëlle alifunga tena doubleur zote mbili. Safari hii alilala kifudifudi, akaegemeza lenzi juu ya mfuko wa maharage, na mtikisiko ukaisha. Jua lilirudisha ule mwanga uliokuwa ukiliwa na vioo. Akaizungusha lenzi kwa mkono na kuilenga mikaratusi ya Koko, mahali ambapo ndege walipenda kupita, akangoja huku tope likimwingia kifuani.

Wakaruka! Mabawa meupe yenye ncha nyeusi yalitanda mbele ya miti, na Gaëlle akabonyeza.

"Nimeipata! Mama, nimeipata!" Wakakumbatiana, wakaanguka wote wawili matopeni.

Kule Mweso, Koko aliikazia macho picha ile. "Mabawa ni nzima," alinong'ona. Kisha akaona kilichokuwa nyuma ya ndege. "Hii ni miti yangu. Gaëlle, hii ni miti yangu!" Akapiga vigelegele hadi majirani wakafika mlangoni.

Gaëlle alitaka kumtolea jembe, lakini Koko akamzuia. "Acha. Ni yangu." Magoti yakalalamika, naye hakuyasikiliza. Alipiga magoti, akashusha kichwa hadi paji la uso likagusa sakafu, akanyoosha mkono gizani na kuibuka na jembe lenye vumbi, huku akicheka kama msichana. Gaëlle, tope la Muheto likiwa bado limemkaukia kifuani, alimtazama na machozi ya furaha yakamtoka. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.